Jinsi ya Kuandaa Taasisi Yako kwa Ujio wa Kompyuta za Kwanta: Mwongozo kwa Hospitali, Sacco na Ofisi za Kaunti kutoka Nakuru hadi Kisumu

Mwongozo huu unamlenga afisa wa TEHAMA katika hospitali ya rufaa, meneja wa Sacco, msajili wa chuo na mhasibu wa ofisi ya kaunti, kuanzia Nakuru hadi Kisumu na kupanda Kakamega na Bungoma, ambaye amekabidhiwa siri za watu wengine na anataka kujua afanye nini kuhusu kompyuta za kwanta, yaani mashine zinazopiga hesabu kwa kutumia kanuni za fizikia ya chembe ndogo kabisa. Hauhitaji ujuzi wa fizikia. Unahitaji subira ya kuorodhesha mambo, ruhusa ya kugusa seva chache, na mkubwa wa kazi aliye tayari kusikiliza kabla bajeti ya mwaka mpya wa fedha haijaanza kutumika mwezi Julai.

Wengi wanaposikia kwamba kompyuta hizi zitavunja usimbaji fiche unaolinda mawasiliano, huuliza mashine hiyo itakamilika lini, na wakijibiwa kwamba bado, hulifunga faili na kuendelea na mengine. Swali linalopaswa kutangulia ni jingine: taarifa unazozituma leo zinapaswa kubaki siri kwa miaka mingapi? Kila hatua iliyoelezwa hapa chini inatokana na jibu la swali hilo.

Kinachovunjika na kinachosalia

Usimbaji fiche ni wa aina mbili. Aina ya kwanza hutumia ufunguo ule ule kufunga na kufungua, na mfano wake mkuu ni AES, iliyoidhinishwa kuwa kiwango rasmi nchini Marekani mwaka 2001 na ambayo leo hulinda diski, nakala rudufu na mawasiliano ya benki duniani kote. Aina ya pili hutumia jozi ya funguo, mmoja wa wazi na mwingine wa siri, nayo ndiyo inayowawezesha watu wawili ambao hawajawahi kukutana kukubaliana juu ya ufunguo wa AES hata kama kuna mtu anayesikiliza kila wanachotumiana. Mbinu hii ilitangazwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976, ikafuatwa na RSA mwaka 1977, kisha mbinu za mikunjo duaradufu (elliptic curves) zilizopendekezwa mwaka 1985. Usalama wake umejengwa juu ya ugumu wa hesabu fulani: kuzidisha nambari mbili tasa zilizo kubwa ni kazi nyepesi, ilhali kulichukua zao lake na kuzitafuta upya nambari zilizolizaa ni kazi ambayo kompyuta za kawaida haziimalizi katika muda wowote wa maana.

Mwaka 1994 Peter Shor, aliyekuwa akifanya kazi Bell Labs, alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta yenye uwezo wa kutosha ingeikamilisha hesabu hiyo kwa muda mfupi, pamoja na hesabu zinazotegemewa na Diffie-Hellman na mikunjo duaradufu. Kuongeza urefu wa ufunguo wa RSA hakusaidii, kwa kuwa mashine nayo hailemewi sana na urefu huo. Mwaka 1996 Lov Grover, naye wa Bell Labs, alipata njia ya kuharakisha utafutaji wa ufunguo, lakini uharakishaji wake una mipaka: AES ya biti 256 inashuka kuwa na nguvu ya biti 128, nazo bado zinatosha. Kwa hiyo nakala rudufu iliyofungwa kwa AES-256 na nywila ndefu haina haja ya kukutia hofu. Kinachohatarishwa ni makubaliano ya funguo na sahihi za kidijitali, yaani zile sekunde za mwanzo ambapo kompyuta ya zahanati na seva ya makao makuu zinatambuana, na zile sahihi zinazothibitisha kwamba programu au hati imetoka kwa anayedai kuitoa. Asiyeijua tofauti hii atamwaga fedha mahali pasipo na hatari na kupaacha wazi pale penye hatari.

Kuhusu umbali uliobaki, tazama mambo mawili kwa pamoja. Mwezi Desemba 2024 kampuni ya Google ilitangaza kichakataji chake cha Willow chenye kyubiti 105 (kyubiti ni kipimo cha msingi cha taarifa katika kompyuta ya kwanta, kama biti ilivyo katika kompyuta ya kawaida), idadi ambayo iko mbali sana na kinachohitajika kuivunja RSA ya biti 2048. Lakini mwaka 2019 Craig Gidney na Martin Ekerå walikadiria kwamba kazi hiyo ingehitaji kyubiti milioni 20 kwa saa 8, na mwezi Mei 2025 Gidney huyo huyo akatoa makadirio mapya ya kyubiti zisizofika milioni 1 kwa muda usiozidi wiki moja. Hitaji limeshuka takriban mara 20 katika miaka 6, na limeshuka kwa kazi ya kalamu na hesabu, pasipo kungoja mashine kukua. Ndiyo maana sioni busara ya kujipima kwa idadi ya kyubiti peke yake.

Kwa nini kazi hii ni ya sasa

Dola yenye uwezo wa kunasa mawasiliano hailazimiki kuyasoma siku ile ile. Inaweza kuyahifadhi, kama mkulima wa Kitale anavyoyafungia mahindi ghalani akingoja bei ipande, kisha ikayafungua mashine itakapopatikana. Historia inaonyesha kwamba subira ya namna hii si ndoto. Mwaka 1943 Marekani ilianza kuzishughulikia telegramu za siri za Umoja wa Kisovieti katika mradi uliokuja kujulikana kama Venona, na kazi hiyo ikaendelea hadi 1980. Ujumbe ulioandikwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia uliendelea kufumbuliwa miaka mingi baada ya vita kwisha, wakati waliouandika walikwisha kuusahau. Taarifa zinazotoka Kisumu kwenda kwenye seva zilizo ng'ambo husafiri kwa nyuzi za nchi kavu mpaka Mombasa na kuingia katika nyaya za baharini kama TEAMS, SEACOM na EASSy, na njiani hupita mikononi mwa watu wengi ambao wewe na mimi hatuwezi kuwachunguza.

Mtu anaweza kusema kwamba usalama wa taifa ni kazi ya jeshi na idara ya ujasusi, na kwamba hospitali ya Kakamega haihusiki. Ibara ya 238 ya Katiba ya Kenya ya 2010 haisemi hivyo. Inaufafanua usalama wa taifa kuwa ulinzi dhidi ya vitisho vya ndani na vya nje kwa mipaka na mamlaka ya nchi, na pia kwa watu wake, haki zao, uhuru wao na mali zao. Anayejua ni afisa gani wa ngazi ya juu anayeugua nini, ni hakimu gani aliyezama katika mikopo, na mtoto wa nani anasoma wapi, ana nguvu juu ya nchi hata kama hajagusa waraka mmoja wa kijeshi. Faili za namna hiyo hazikai katika makao makuu ya ulinzi. Zimo katika hospitali, Sacco na shule zetu.

Hatua ya kwanza: pima umri wa kila siri

Michele Mosca wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada alitoa kipimo rahisi ambacho kinafaa kuandikwa kwenye ubao wa mkutano wa kwanza. Chukua miaka ambayo taarifa inapaswa kubaki siri, ongeza miaka ambayo taasisi yako itahitaji kuhamia kwenye usimbaji mpya; jumla hiyo ikizidi miaka iliyobaki kabla mashine haijapatikana, umekwisha kuchelewa. Hakuna anayeijua nambari ya mwisho, lakini mbili za kwanza unaweza kuzikadiria wewe mwenyewe, na mara nyingi zinatosha kukuonyesha pa kuanzia.

Karatasi ya mtihani wa KCSE ni siri kali mpaka asubuhi unapofanywa, na jioni yake imekwisha kuwa mali ya umma. Nambari ya siri ya mwanachama wa Sacco hubadilishwa akitaka. Siri za aina hii hazina haja ya kukimbiliwa, ila tu mfumo unaozibeba uwe umebadilishwa kabla ya mashine kufika. Daftari la ardhi ni jambo jingine kabisa: yaliyomo yanaweza kutafutwa na mwananchi yeyote kwa utaratibu wa sheria, kwa hiyo hatari yake si kusomwa bali kughushiwa, na dawa yake ni sahihi za kidijitali, ambazo nitazieleza baadaye.

Kisha njoo kwenye faili za hospitali, nami naomba msomaji atulie hapa. Kaunti zinazolizunguka Ziwa Victoria, zikiwemo Siaya, Homa Bay na Kisumu, zimebeba mzigo mkubwa wa VVU kuliko sehemu nyingi za nchi, na sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti VVU na Ukimwi inalinda usiri wa matokeo ya vipimo. Mtoto aliyeanza kutumia dawa akiwa na miaka 2 leo ataomba kazi, ataoa au kuolewa, na labda atagombea udiwani. Siri yake inapaswa kudumu miaka 60 au zaidi. Ukiongeza miaka 5 ya kuhamisha mifumo ya hospitali, unapata 65, na sijasikia mtaalamu yeyote wa maana anayeweka dau kwamba mashine itachelewa kiasi hicho. Kwa mtoto huyu, kila ujumbe unaotumwa leo kati ya maabara na kliniki kwa usimbaji wa zamani tayari ni tatizo.

Zaidi ya hapo kuna taarifa ambazo mwenyewe hawezi kuzibadilisha kamwe. Nywila ikivuja hubadilishwa, lakini alama za vidole, umbo la uso na vinasaba hubaki vile vile mpaka kaburini, na vinasaba huwasema hata wajukuu ambao hawajazaliwa. Kama taasisi yako huwasajili wafanyakazi au wanachama kwa alama za vidole, zipe taarifa hizo daraja la juu kabisa katika orodha yako, pamoja na majina ya mashahidi, ya watoto walio chini ya ulinzi na ya watu waliotoa habari kwa siri. Mikopo na mishahara huwekwa daraja la kati. Miaka 10 hadi 20 ni makadirio ya haki.

Hatua ya pili: tafuta usimbaji ulipojificha

Sasa andaa jedwali. Kila mstari uwe wa mfumo mmoja, na safu zake ziwe jina la mfumo, taarifa zinazopita ndani yake, umri wa siri uliokwisha kuupima, aina ya usimbaji, mtu anayeweza kuubadilisha, na tarehe ambayo mkataba wake unaisha. Safu mbili za mwisho ndizo zenye faida kuliko zote, kwa sababu taasisi nyingi za huku hazikuandika programu zao zenyewe. Zilinunua, na mlango wa kubadilisha usimbaji hufunguka siku ya kuhuisha mkataba.

Usiishie kwenye tovuti. Angalia njia ya VPN, yaani mtandao wa faragha unaounganisha matawi ya Nakuru, Kericho na Kisumu, barua pepe, namna fundi wa nje anavyoingia kwenye seva akiwa nyumbani, kadi za kufungulia milango, kamera za ulinzi zinazotuma picha kwenye seva ya mtengenezaji, na njia ambayo nakala rudufu husafirishwa kila usiku. Angalia pia simu za wafanyakazi, kwa kuwa daktari aliyelemewa na kazi hutuma picha ya matokeo ya maabara kwa mwenzake kupitia programu ya ujumbe, na hakuna jedwali rasmi linaloonyesha hilo. Huduma za USSD ziandike, weka alama kwamba zinamilikiwa na kampuni ya simu, kisha songa mbele.

Hatua ya tatu: chukua kinachopatikana bure

Tarehe 13 Agosti 2024 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, ilichapisha viwango vitatu vya kwanza vya usimbaji unaohimili kompyuta za kwanta, baada ya shindano la wazi lililoanza mwaka 2016. ML-KEM ni ya kukubaliana funguo. ML-DSA na SLH-DSA ni za sahihi. Jambo jema ni kwamba zote huendeshwa na kompyuta za kawaida tulizo nazo, na sehemu kubwa ya kazi imekwisha kuingizwa katika programu ambazo hazilipiwi.

Kivinjari cha Chrome kilianza kutumia ulinzi huu bila kuulizwa tangu toleo la 124 la mwezi Aprili 2024, na kikahamia kwenye ML-KEM yenyewe katika toleo la 131. Firefox nayo ina ML-KEM tangu toleo la 132. Kwa hiyo kazi ya kwanza upande wa wafanyakazi ni kuhakikisha vivinjari vimesasishwa, na kwamba kompyuta zenye mfumo endeshi wa zamani usiokubali matoleo hayo zinaondolewa kwenye madawati yanayoshika faili za wagonjwa. Katika simu, Signal iliongeza ulinzi huu mwezi Septemba 2023 na iMessage ya Apple mwaka 2024. Andika katika sera ya taasisi kwamba matokeo ya wagonjwa hayatumwi kwa programu ya ujumbe ambayo haijatangaza ulinzi wa aina hiyo, na uwape wafanyakazi programu mbadala siku hiyo hiyo, la sivyo sera itabaki karatasi.

Upande wa seva, anza na njia ya SSH ambayo mafundi hutumia kuingia kwenye seva kutoka mbali. Andika amri hizi mbili:

ssh -V
ssh -Q kex

Ya kwanza inakupa toleo, ya pili inaorodhesha mbinu za kukubaliana funguo ambazo programu inazijua. Ukiona mlkem768x25519-sha256 au jina linaloanza na sntrup761x25519, uwezo upo. OpenSSH, programu ya SSH inayotumika sana, imeutumia ulinzi wa aina hii kama chaguo lake la kwanza tangu toleo la 9.0 la Aprili 2022, toleo la 10.0 la Aprili 2025 likaiweka ML-KEM mbele, na toleo la 10.1 humwonya fundi kila anapounganishwa na seva isiyo na ulinzi huo. Onyo hilo ni mkaguzi wa bure. Waagize mafundi waziandike seva zote zinazolitoa.

Kwa tovuti na mifumo ya ndani, hakikisha kwanza kwamba seva inakubali TLS 1.3, toleo la itifaki inayolinda mawasiliano ya tovuti, kwa sababu mbinu mpya haziingizwi katika matoleo yaliyotangulia. Kisha, ukiwa na OpenSSL, programu ya usimbaji, ya toleo la 3.5 au la baadaye, jaribu:

openssl s_client -connect jina-la-seva:443 -groups X25519MLKEM768

Muunganisho ukikubaliwa, seva yako iko tayari. Ukikataliwa, sasisha programu ya seva na maktaba yake ya usimbaji, au mwandikie anayekuhudumia ukimwambatishia matokeo ya jaribio.

Utaona kwamba majina haya yameunganisha mbinu mbili, X25519 ya zamani, iliyo ya mikunjo duaradufu, na ML-KEM mpya. Hilo limefanywa makusudi. Mwezi Julai 2022 mbinu iliyoitwa SIKE, ambayo ilikuwa imefika hatua za mwisho za shindano la NIST, ilivunjwa na Wouter Castryck na Thomas Decru wa chuo kikuu cha KU Leuven kwa kompyuta ya kawaida, katika muda wa saa moja hivi. Hesabu mpya zinahitaji miaka ya kupigwapigwa kabla ya kuaminiwa peke yake, na mchanganyiko unamlazimisha adui avunje zote mbili. Usikubali kuiondoa ile ya zamani kwa sababu tu mtu amekwambia imepitwa na wakati.

Gharama iko kwenye ukubwa. Ufunguo wa wazi wa X25519 una baiti 32, ule wa ML-KEM-768 una baiti 1184, na jibu lake lina baiti 1088. Mgonjwa anayengoja kwenye zahanati ya Mbita yenye mtandao dhaifu hataihisi tofauti ya kilobaiti mbili. Tatizo ni kwamba ujumbe wa kwanza sasa hauenei katika pakiti moja, na baadhi ya ruta na vifaa vya kale vya ulinzi vilivyowekwa langoni mwa mtandao hushindwa kuzipokea pakiti mbili, vikakata muunganisho bila maelezo. Kwa hiyo jaribu tawi moja dogo kwanza, katikati ya wiki, fundi akiwepo, kabla ya kugusa makao makuu.

Hatua ya nne: sahihi na mitambo ya miaka mingi

Sahihi ya kidijitali haiathiriwi na ghala la adui kama siri inavyoathiriwa, kwa sababu anayeighushi lazima awe na mashine siku anapoighushi. Hilo linakupa muda kwa vyeti vya tovuti, ambavyo hubadilishwa mara kwa mara. Halikupi muda kwa mtambo utakaokaa kazini miaka 20. Mitambo ya mvuke ya Olkaria katika Kaunti ya Nakuru, vituo vya umeme na bomba la mafuta linalofika Kisumu ni mifano ya miundombinu ambayo vifaa vyake vya udhibiti hununuliwa mara moja na kutumika kwa kizazi kizima. Kifaa cha aina hiyo kikiwa kimefundishwa kiwandani kuamini sahihi ya RSA peke yake, mwenye kompyuta ya kwanta mwaka 2040 ataweza kukipelekea programu bandia nacho kikaipokea kama halali. Anayenunua mita, pampu za maji au mitambo ya udhibiti leo aulize swali moja tu: ufunguo unaothibitisha masasisho unaweza kubadilishwa, au umechongwa ndani ya kifaa?

Hatua ya tano: zabuni

Hapa ndipo ofisi ndogo ina nguvu kuliko inavyodhani. Weka maneno kama haya katika kila zabuni ya TEHAMA: "Mzabuni ataorodhesha kwa maandishi algoriti zote za ufunguo wa wazi zinazotumika katika mfumo, ataonyesha kwamba zinaweza kubadilishwa kwa sasisho la programu bila kununua kifaa kipya, na atataja tarehe ambayo mfumo utatumia ML-KEM kwa makubaliano ya funguo na ML-DSA au SLH-DSA kwa sahihi." Asiyeweza kujibu kifungu cha kwanza hajui anachokuuzia.

Tarehe za kumbana nazo zipo. Rasimu ya NIST ya Novemba 2024 inapendekeza RSA ya biti 2048 ianze kuachwa baada ya 2030 na ipigwe marufuku baada ya 2035. Kituo cha usalama wa mtandao cha Uingereza, NCSC, kilitoa mwezi Machi 2025 ratiba yenye miaka mitatu ya kukumbuka: 2028 kumaliza kuorodhesha, 2031 kumaliza mifumo yenye uzito, 2035 kumaliza yote. Vifaa vingi tunavyonunua hutengenezwa kwa kuzilenga nchi hizo, kwa hiyo mzabuni hawezi kudai kwamba ombi lako ni la ajabu. Kwa upande wetu, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 iliunda kamati ya kitaifa ya kuratibu masuala ya uhalifu wa mtandaoni, NC4, na Mamlaka ya Mawasiliano ina kituo chake cha kushughulikia matukio, KE-CIRT. Ningependa kuona kutoka kwao ratiba ya tarehe kama ile ya Waingereza, yenye jina la kila sekta, kwa sababu hospitali iliyo peke yake haiwezi kuilazimisha kampuni kubwa ya programu, lakini kaunti 47 zikiuliza swali lile lile zitajibiwa.

Usinunue boksi linaloitwa la kwanta kwa sababu ya jina. Usambazaji wa funguo kwa chembe za mwanga, mbinu iliyoanza na pendekezo la mwaka 1984, ni sayansi ya kweli, lakini unahitaji vifaa maalumu na hauthibitishi uliye naye upande wa pili. Idara ya ujasusi wa mawasiliano ya Marekani, NSA, na NCSC ya Uingereza zote hazipendekezi utegemewe na mifumo ya serikali zao. Na yeyote anayekuuzia algoriti ya siri aliyoibuni mwenyewe mwonyeshe mlango kwa heshima. ML-KEM imeaminiwa kwa sababu iliwekwa hadharani na wataalamu wa dunia nzima wakajaribu kuibomoa.

Kilichokwisha kutoka

Taarifa zilizokwisha kunaswa hazirudi. Unachoweza kufanya ni kupunguza zinazofuata. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 tayari inakutaka usizihifadhi taarifa binafsi kupita muda unaohitajika, basi pitia hifadhidata ya zamani, na usiendelee kuzituma kila usiku nakala za faili ambazo hakuna anayezihitaji. Sheria hiyo pia inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu uvujaji wenye hatari halisi ya madhara ugundulike, nayo inautambua usimbaji kuwa mojawapo ya kinga zinazozingatiwa pale inapoamuliwa kama wenye taarifa nao waarifiwe. Kwa hiyo siku diski au nakala iliyofungwa itakapoibwa, usiandike tu kwamba ilikuwa imesimbwa. Andika katika kumbukumbu ya tukio ni algoriti gani iliyoufunga ufunguo wake, ni taarifa za nani zilizokuwemo, na umri wa siri uliokadiria kwa kila kundi, ili atakayeketi kwenye kiti chako wakati RSA itakapovunjwa ajue ni wagonjwa gani anaopaswa kuwapigia simu.